Kabla hujaamua imeili zako zikae kwenye seva au kwenye kompyuta

Kabla hujagusa setingi yoyote jiulize kwanza, hii laptopu ikiibiwa leo usiku imeili zangu ntazipata wapi kesho asubuhi? Kuna dada aliniletea mashine yake hadi diski imekufa, ukiiwasha inagonga tik tik tik tu basi, na mle ndani ndo kulikuwa na invoisi na mikataba ya miaka 6. Nikaingia kwenye seva ya ofisi yao, yaani ile kompyuta ya mtandaoni inayopokea imeili zao, nikakuta imeili 11. Aliyemfungia akaunti alitumia POP3, njia mojawapo ya kupokea imeili, na POP3 inashusha imeili kwenye mashine halafu kule kwenye seva inazifuta, labda uweke tiki pale kwenye kuacha nakala, na hakuna aliyemwambia. Iliniuma sana.

Sasa angalia unasoma kwa vifaa vingapi. Kama ni simu na laptopu, weka IMAP, ile njia nyingine, maana imeili zinabaki kwenye seva na ukisoma huku na kule inaonyesha imesomwa. POP3 inashusha inboksi peke yake, zile ulizotuma kwa simu kwenye laptopu huzioni.

Nafasi nayo. Gmail ya bure ni GB 15 na watu wengi wanajua ni za imeili tu, kumbe unagawana na picha zako na Drive, na zikijaa imeili mpya zinamrudia aliyekutumia, mteja anajua umemkaushia. Kama mnatumia domeni ya ofisi, yaani imeili yenye jina la ofisi baada ya @, muulizeni anayewahosti, yaani mwenye seva mnayotumia, kila mtu ana GB ngapi. Na jua faili likiambatishwa linavimba kama theluthi, MB 18 zinafika karibu 24.

Bando lisikutishe, IMAP haimaanishi lazima uwe hewani muda wote, Thunderbird, programu ya kusomea imeili kwenye kompyuta, inaweza kukuwekea nakala kwenye mashine ukasoma hata mtandao ukikata, ila ile mara ya kwanza inavuta kila kitu kwa hiyo fanyia kwenye waifai.

Lakini jamani IMAP siyo bakapu! Ukifuta kwenye simu imefutika kote, Gmail inakaa kwenye taka siku 30 halafu basi. Kwa hiyo kila baada ya muda funga Thunderbird, kopi folda lote la profaili, lile ambalo Thunderbird inahifadhia imeili na setingi zako, uweke kwenye diski ya nje, na hiyo diski isikae begi moja na laptopu.

Na kama unahama kutoka POP3, usifute akaunti ya zamani kwanza. Ongeza ya IMAP pembeni, buruta imeili za zamani uziweke kwenye mafolda yake, mwaka mmoja mmoja usizirundike zote, halafu chukua simu ufungue moja ya zamani kabisa yenye faili, ikifunguka na faili lake ndo ufute ile akaunti.