Fangasi kwenye konea: la kufanya tangu doa jeupe linapoonekana hadi jicho litulie

Doa jeupe au la kijivu limetokea kwenye konea, yaani kioo kinachofunika weusi wa jicho. Jicho ni jekundu, linauma, linatoa machozi na halitaki mwanga. Siku chache nyuma lilichomwa na jani, kijiti au ganda la nafaka, au mwenyewe huvaa lenzi za machoni. Hicho kichukulie kuwa ni kidonda cha konea hadi mtaalamu wa macho aseme sivyo, na umwone siku hiyohiyo. Kazi ya kwanza ni kujua kilichomo ni bakteria au fangasi, maana dawa ya mmoja haimgusi mwingine.

Konea ina unene wa karibu nusu milimita tu katikati, na ndiyo inayofanya takribani theluthi mbili ya kazi yote ya jicho ya kupinda mwanga. Haina mishipa ya damu. Kama ingekuwa nayo isingepitisha mwanga vizuri. Lakini kwa sababu hiyohiyo, kinga ya mwili hufika pale kwa kuchelewa, na vidonge vya kumeza hufika kwa shida. Fangasi wenye nyuzi, hasa Fusarium na Aspergillus, wakipata mchubuko mdogo huzamisha nyuzi zao kati ya tabaka za konea na kuelekea ndani. Candida, ambaye ni hamira, hupenda zaidi jicho lililokwisha kuwa dhaifu: lililofanyiwa upasuaji, lenye ukavu wa muda mrefu, au lililotiwa steroidi (dawa za kutuliza wekundu na maumivu) kwa miezi.

Kabla ya kufika kliniki

Usisugue. Kama ni vumbi au mchanga, osha kwa maji safi mengi. Kama kitu kimechoma na kimebaki kimesimama, kiache hapohapo, kitolewe na anayejua. Vua lenzi, lakini usizitupe. Zipeleke pamoja na kikopo chake na chupa ya maji ya kuoshea, kwa kuwa mara nyingine maabara huotesha fangasi kutoka humo wakati jicho lenyewe halijatoa kitu. Usilibane jicho kwa pamba na bandeji: chini yake pana joto na unyevu, na huwezi kuona kinachoendelea. Miwani ya jua inatosha.

Usitie maji ya majani, maziwa, mkojo, wala matone yaliyobaki ya mtu mwingine. Hapa ndipo macho mengi yanapoharibikia. Soma chupa: jina la dawa likiishia na "-sone" au "-lone", kama dexamethasone au prednisolone, hiyo ni steroidi, hata ikiwa imechanganywa na antibiotiki ndani ya chupa moja. Steroidi hutuliza wekundu na maumivu ndani ya siku mbili tatu, mgonjwa akadhani amepona. Kumbe kilichotulizwa ni kinga ya mwili, na fangasi anaendelea kuota bila mpinzani. Matone ya ganzi nayo ni ya chumba cha uchunguzi tu. Ukienda nayo nyumbani, yatazuia ngozi ya juu ya konea isifunge.

Kumtambua

Kidonda cha bakteria kwa kawaida hukua haraka, ndani ya siku moja au mbili, na kingo zake hukatika wazi. Cha fangasi huenda polepole, wakati mwingine wiki nzima. Kingo zake zina vinyweleo kama pamba iliyochanwa, uso wake umeinuka kidogo na ni mkavu, na pembeni huweza kuwa na vidoa vidogo vilivyojitenga na kidonda kikubwa. Usaha mweupe unaweza kutuama chini, nyuma ya konea, kama maji yaliyotulia chini ya glasi.

Hata hivyo, macho ya mtaalamu peke yake hukosea mara nyingi. Lazima kidonda kikwanguliwe. Jicho hutiwa ganzi, kisha kingo na kitako cha kidonda hukwanguliwa kwa sindano au kisu kidogo, ikiwezekana kabla ya kuanza antibiotiki. Sehemu ya ukwanguzi hupakwa kwenye kioo na kutiwa potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, ambayo huyeyusha seli na kuacha nyuzi za fangasi zionekane kwenye hadubini. Jibu hilo hupatikana siku hiyohiyo. Sehemu nyingine huoteshwa kwenye chakula cha fangasi kiitwacho Sabouraud, katika nyuzi joto 25 hadi 30. Wengi huota ndani ya wiki moja, lakini sahani isitupwe kabla ya wiki mbili. Jibu likitoka "hakuna kitu" na kidonda bado kinapanuka licha ya antibiotiki, kikwanguliwe tena.

Dawa

Kwa fangasi wenye nyuzi, dawa ya kwanza ni matone ya natamaisini ya asilimia 5. Jaribio kubwa lililofanyika India Kusini na kuchapishwa mwaka 2013 liliipambanisha na dawa nyingine ya fangasi, vorikonazoli ya asilimia 1. Natamaisini ikashinda, hasa dhidi ya Fusarium. Mwaka 2017 iliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa Candida, wengi hutumia amfoterisini B ya asilimia 0.15. Kidonda kikizama sana huongezwa vidonge, na hapo damu ipimwe mara kwa mara kuangalia hali ya ini.

Mwanzo hutiwa tone kila saa, mara nyingi mchana na usiku kwa siku mbili za kwanza, kisha kila saa mgonjwa akiwa macho. Ni matone 24 kwa siku, kwa hiyo andika saa kwenye karatasi na pangeni zamu za usiku. Utiaji wenyewe:

1. Nawa mikono kwa sabuni. Tikisa chupa vizuri kila mara: natamaisini ni unga ulioelea, na usipotikisa unatia maji matupu, huku dawa ikibaki chini.
2. Inamisha kichwa nyuma, vuta kope la chini ili lifanye kimfuko, udondoshe tone moja bila ncha ya chupa kugusa kope wala nyusi. La pili halina pa kukaa, litamwagika shavuni.
3. Funga jicho taratibu bila kukaza, bonyeza kona ya ndani karibu na pua dakika moja au mbili, dawa isikimbilie kooni.
4. Kama kuna dawa nyingine, subiri dakika 5.

Uchafu mweupe utakaoganda juu ya kidonda ni dawa, usiukwangue kwa kitambaa. Ukipewa atropini, mboni itapanuka na kusoma kutakuwa kugumu. Hilo linatarajiwa, na maumivu hupungua.

Natamaisini haipenyi ndani sana, ndiyo maana daktari anaweza kukikwangua kidonda tena katikati ya matibabu. Tegemea wiki sita au zaidi. Kuacha kwa sababu maumivu yameisha ni kosa: kipimo ni kingo kuwa butu, vidoa vya pembeni kutoweka na usaha kupungua. Ngozi ya juu ikifunga peke yake haitoshi, maana chini yake nyuzi huweza kuwa hai.

Jicho likimwaga maji ya moto ghafla na uoni ukashuka, konea imetoboka, hata kama maumivu yamepungua wakati huohuo. Lifunike kwa kifuniko kigumu kisichogusa jicho, usitie kitu, nenda hospitali sasa hivi. Tundu dogo huzibwa kwa gundi maalumu. Kubwa huhitaji kupandikizwa konea.

Uoni baada ya kupona

Kidonda huacha kovu, na mahali lilipo ni muhimu kuliko ukubwa wake. Kovu la milimita 2 mbele ya mboni huziba usomaji. La milimita 4 pembezoni linaweza kuachia uoni mzuri. Pia konea hubaki na mabonde, hivyo herufi huonekana zimerudiwa na taa za usiku hutawanya miale. Miwani ya kawaida haisawazishi mabonde hayo. Lenzi ngumu huweza, kwa kuwa machozi hujaza nafasi iliyo chini yake, ila ivaliwe tu jicho likishatulia kabisa na kwa ruhusa ya daktari. Kupandikiza konea kwa ajili ya uoni nako husubiri miezi ya utulivu, maana fangasi aliyebaki huweza kuingia kwenye konea mpya.

Tangu siku ya kwanza, pima kila jicho peke yake kwa kuziba jingine na kusoma maandishi yaleyale, umbali uleule, mwanga uleule. Andika mstari wa mwisho uliosomeka na uupeleke kila unaporudi kliniki.