Kuchora upya barabara ya jimbo la Indiana ya miaka ya 1830, kutoka kwenye sheria hadi ramani

Sheria ya zamani ya Bunge la Indiana inayoagiza barabara ifunguliwe kati ya miji miwili haina njia yenyewe ndani yake. Inataja mwanzo, mwisho, pengine kinu au kivuko kimoja cha katikati, na majina ya makamishna waliotumwa kuitafuta. Kona, umbali na vijito vimo kwenye ripoti waliyorudi nayo.

1. Sheria

Pekua vitabu vya sheria za Bunge kuanzia 1816, Indiana ilipopata hadhi ya jimbo, hadi 1851, katiba mpya ilipozuia Bunge kutunga sheria za barabara mojamoja. Usiishie kwenye sheria ya kwanza. Bunge lilikuwa likirudi baada ya mwaka au miaka kadhaa kuhamisha kipande, mara nyingi kwa kuwa barabara ilikata shamba la mtu au ilipita kwenye kinamasi.

2. Ripoti

Iko kwenye daftari za kaunti au nyaraka za jimbo. Omba picha ya ukurasa wenyewe. Nakala iliyochapwa baadaye siitumii kamwe bila ya asili, maana herufi E (mashariki) na W (magharibi) zikibadilishana, barabara inageuka upande wa pili.

3. Vipimo

Mnyororo wa Gunter, ambao wapimaji ardhi walitumia kupima umbali, una pete 100 na urefu wa futi 66, yaani mita 20.1168. Minyororo 80 ni maili moja. (Eka yetu imetoka humo humo: mnyororo 1 kwa 10.) Fito moja (kwa Kiingereza pole, kipimo kingine utakachokuta) ni robo ya mnyororo. Porini wengine walitumia mnyororo nusu, wa futi 33. Mchoro wako ukitoka mara mbili au mara nne ya umbali halisi, umekosea kipimo, si mpimaji.

4. Dira: hapa usikimbie

Uelekeo kama N 30 W (digrii 30 kutoka kaskazini kuelekea magharibi) huwa umesomwa kwa sindano ya sumaku, na sindano haikuonyesha kaskazini ya kweli; tofauti hiyo ndiyo mkengeuko. Miaka ya 1830 huko Indiana ilielemea mashariki. Leo inaelemea magharibi. Kwa hiyo usitumie masahihisho ya leo. Kikokotoo cha mtandaoni cha NOAA, idara ya serikali ya Marekani ya bahari na hali ya hewa, cha mkengeuko wa kihistoria kinakupa thamani ya mahali na mwaka wa upimaji. Digrii 1 ikikosewa, unatoka nje kwa mita 28 kila maili. Digrii 5 ni mita 140.

Lakini kuna wapimaji waliokwisha kurekebisha dira kabla ya kuandika. Ukisahihisha tena, unaharibu. Jaribio ni hili: tafuta mahali ripoti inaposema barabara inafuata mpaka wa kipande cha maili mraba kuelekea kaskazini. Mipaka hiyo ilikusudiwa kufuata kaskazini ya kweli. Ikiandikwa kaskazini tupu, dira ilikwisha rekebishwa. Ikiandikwa kitu kama N 5½ W, ni sindano ghafi, na umepata mkengeuko wake bila kikokotoo. Mimi huamini jaribio hili kuliko kikokotoo chochote, kwa sababu kila dira ilikuwa na kasoro yake.

Geuza uelekeo kuwa digrii 0 hadi 360 (N 30 W ni 330), kisha, kama ni sindano ghafi, ongeza mkengeuko wa mashariki: 330 + 5.5 = 335.5. Kwenye lahajedwali, mashariki ni umbali × sin, kaskazini ni umbali × cos. Excel inataka radiani, si digrii.

Ukichora kwenye kanda ya 16 ya UTM (mfumo wa gridi ya ramani unaopima kwa mita), kaskazini ya gridi nayo si ile ya kweli. Karibu na Indianapolis punguza nusu digrii. Ni kama mita 15 kwa maili.

5. Kuifunga

Tumia QGIS, programu ya kuchora ramani; ni bure na haikosi kitu kwa kazi hii. Pakua ramani za upimaji wa ardhi za serikali kuu, uzitie chini ya mstari wako. Bana mstari kwenye vivuko vya mito na viwanja vya mahakama, si kwenye barabara za leo.

Mwisho wa mstari usipoangukia mahali pake, tazama umbo la kosa. Mstari wote ukizunguka, ni mkengeuko. Ukiruka ghafla kwenye kona moja, ni E na W. Ukipungua minyororo 10 kamili, washika mnyororo walisahau kuhesabu mzunguko mmoja wa vijiti vyao (walichomeka kijiti kila mnyororo, kumi kwa mzunguko). Kosa dogo linalobaki ligawe kwa uwiano wa umbali.

Usinyooshe kona inayoonekana ya ajabu. Barabara ya Michigan inatoka Logansport ikipinda hadi South Bend kabla ya kwenda Ziwa Michigan, kwa sababu njia ya mkato ingezama kwenye vinamasi vya Kankakee. Hiyo ilitengewa upana wa futi 100 na mkataba wa 1826 na Wapotawatomi, wenyeji asilia wa huko, kwa hiyo ichore kwa futi 50 kila upande wa mstari. Kwa nyingine, chukua upana uliotajwa kwenye sheria yake.