Unaizunguka Marekani kwa gari? Fuata tarehe ya I-94, si ya viza

Tarehe ya mwisho kwenye viza ni ya kuingilia, si ya kuondoka. Muda wa kukaa huamuliwa na ofisa wa mpakani na kuwekwa kwenye rekodi ya I-94. Mwenye viza ya B-2, yaani ya utalii, kwa kawaida hupewa miezi 6. Anayeingia kwa ESTA, idhini ya mtandaoni ya kuingia bila viza, hupata siku 90, na haziongezwi. Ukishatua tu, fungua tovuti ya CBP (idara ya forodha na mipaka ya Marekani), pakua I-94 yako, kisha linganisha jina, namba ya pasipoti na tarehe na kilichomo kwenye pasipoti. Kosa likionekana, lirekebishwe mapema, si wiki ya kuondoka.

Wengi hunasa Niagara. Ukitaka kuyaona maporomoko kwa mbele, inabidi uwe upande wa Kanada, na daraja la mpakani, Rainbow Bridge, linavukika hata kwa miguu, basi mtu anajiendea tu. Kumbe Kanada ina masharti yake ya kuingia. Halafu kama viza yako ya Marekani ilikuwa ya kuingia mara moja, imeshatumika: kurudi kwako kutategemea I-94 ambayo haijaisha, na uwe umekaa huko siku zisizozidi 30. Wa ESTA naye asidhani akivuka na kurudi zile 90 zinaanza upya. Hazianzi.

Kibali cha kimataifa cha udereva kichukue nchini kwako kabla ya safari, na utembee nacho pamoja na leseni halisi. Peke yake hakitoshi.