Namna ya kununua konsoli ya mkononi itakayokuwa bado inacheza miaka kumi ijayo

Wanaokuja mezani kwangu Kariakoo kuulizia konsoli ya mkononi huanza na swali moja: "Fundi, ipi ina nguvu?" Nawaelewa, pesa ni nyingi na mtu anataka kuona picha safi. Lakini kazi yangu ni kufungua mashine hizi, na ni nadra kukuta iliyokufa kwa kukosa nguvu. Kinachoziua ni betri iliyovimba, analogi (kile kijiti cha kuongozea kwa kidole gumba) iliyochoka, soketi ya chaji iliyolegea, au duka la mtandaoni lililofungwa ng'ambo wakati mashine yenyewe bado nzima. Ukinunua leo, nunua kwa kuuliza maswali matatu: betri inatoka? Gemu ni yako kweli? Inacheza bila mtandao? Chipu iwe swali la nne.

Historia iko upande wangu. Game Boy ilitoka 1989 ikiwa na kioo kisicho na rangi wala taa, inakula betri nne za AA, zile zile za redio na tochi. Mwaka uliofuata Sega walileta Game Gear yenye kioo cha rangi, ikala betri sita kwa saa chache tu. Iliyotamba ni Game Boy. Gunpei Yokoi, mhandisi wa Nintendo aliyesimamia kazi ile, aliamini katika kutumia teknolojia ya bei nafuu iliyokwisha kuzoeleka viwandani, na ukiikuta Game Boy kwenye sanduku la mjomba wako leo, ukasafisha vibati vya betri na kutia mpya, kuna uwezekano mkubwa itawaka. Jaribu hivyo na mashine ya lithiamu iliyolala kabatini miaka kumi bila chaji.

Betri kwanza

Ukikabidhiwa konsoli iliyotumika, usiiwashe bado. Ilaze kifudifudi juu ya kitambaa safi mezani, kisha inama mpaka jicho liwe usawa wa mgongo wake. Mgongo unatakiwa kunyooka. Pitisha ukucha kwenye ule mstari ambapo mfuniko wa nyuma unakutana na fremu: ukizama mahali pamoja na mahali pengine usizame, kuna kitu kinasukuma kutoka ndani, na mara nyingi ni betri. Betri iliyovimba haichajiwi, haibonyezwi, haitobolewi. Mrudishie mwenyewe mashine yake, au mpunguzie bei ya betri mpya na ya fundi, na safari ya kwanza iwe kwa fundi kabla ya nyumbani.

Ikiwa imenyooka, ichaji mpaka ijae, weka mwanga wa kioo juu kabisa, fungua gemu nzito na ucheze nusu saa huku ukitazama asilimia. Kushuka haraka si tatizo peke yake. Tatizo ni kuruka: ilikuwa 46, ukapepesa macho, 31. Betri ya namna hiyo itakuzimikia katikati ya gemu wiki hiyo hiyo.

Sasa uliza inabadilishwaje. Nintendo Switch inafungwa kwa skrubu za nje zenye kichwa cha Y, kwa hiyo fundi asiye na bisibisi ya Y ataziharibu. Usimkubalie anayesema atajaribu na ya kawaida. Betri yenyewe imebanwa kwa gundi, lakini inatoka kwa kadi ya plastiki, matone ya spiriti ya isopropili na subira. Steam Deck, konsoli ya kampuni ya Valve, ina skrubu nane za nyota ya kawaida mgongoni. Ukitaka kuifungua, chomoa kadi ya memori KABLA ya kugusa skrubu hata moja. Kadi ile inakaa ikiwa imeshika pande zote mbili za mfuniko, na ukiuvuta mfuniko inakatika vipande viwili pamoja na gemu zako zote. Wateja wameniletea vipande hivyo kwenye bahasha, na hakuna ninachoweza kuwasaidia. Betri ya Deck imegandishwa kwa gundi kali zaidi, hivyo mpe fundi mzoefu. Uzuri wake ni kwamba Valve walikubaliana na iFixit, kampuni ya spea na miongozo ya ukarabati, kuuza spea halisi pamoja na maelekezo ya hatua kwa hatua, jambo ambalo kampuni nyingi zimekataa kwa miaka.

Hapa ndipo ninapoiona kesho ya konsoli hizi vizuri kuliko mahali pengine. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya betri mwaka 2023, namba 2023/1542, na kuanzia tarehe 18 Februari 2027 vifaa vingi vinavyouzwa huko vitatakiwa viwe na betri ambayo mtumiaji mwenyewe anaweza kuitoa na kuibadilisha kwa vifaa vya kawaida. Ulaya ni mbali na Kariakoo, lakini mzigo wetu unapita Dubai na Guangzhou kutoka viwanda vile vile, na kiwanda hakipendi kutengeneza maumbo mawili ya mashine moja. Natarajia tuone konsoli zenye mfuniko wa betri tena. Ukinunua mpya kuanzia 2027, uliza kama ni toleo la soko la Ulaya. Muuzaji anayejua mzigo wake atakuwa na jibu.

"Fundi, mtu wangu anatembea mwenyewe"

Sentensi hiyo naijua kabla mteja hajaimaliza. Ndani ya analogi nyingi kuna kidole kidogo cha chuma kinachosugua juu ya ukanda wa kaboni. Kila ukisukuma, kinakwangua. Kaboni ikilika, mashine inadhani unasukuma wakati umeachia, na mtu kwenye gemu anajitembelea. Vumbi huongeza, na unyevu wa chumvi wa pwani yetu huharakisha kutu kwenye vibati.

Kwenye Switch, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya pedi na sensa, kisha urekebishaji wa analogi. Utaona duara lenye alama inayofuata kidole chako. Zungusha taratibu mpaka ukingoni, halafu achia ghafla. Irudi katikati na itulie. Rudia pande zote nne, maana nyingi huwa nzima upande mmoja na mbovu upande wa pili. Muuzaji akikuharakisha hapo, mwambie unarudi kesho.

Dawa yenyewe ipo. Kuna analogi za sumaku, ambazo sensa inasoma mahali sumaku ilipo bila kitu kugusana na kingine, kwa hiyo hakuna ukanda wa kulika. Za kubadilishia zinauzwa kwa pedi za Switch na kwa Steam Deck pia. Nilitarajia Switch 2, iliyotoka tarehe 5 Juni 2025, ije nazo kutoka kiwandani. Haikuja nazo, Nintendo wenyewe walithibitisha. Kwa mashine iliyotoka kwa bei ya dola 449.99 naona ni kosa, na nalisema bila kuogopa. Angalau pedi zake zinachomoka, ikiharibika moja unapeleka hiyo tu. Switch Lite pedi hazichomoki: analogi ikichoka, mashine nzima inafunguliwa. Kama mtumiaji ni mtoto wa miaka minane, Lite ifikirie mara mbili.

Gemu iko wapi hasa?

Tarehe 27 Machi 2023 Nintendo walifunga ununuzi kwenye duka la mtandaoni la 3DS, konsoli yao ya mkononi ya kabla ya Switch. Tarehe 8 Aprili 2024 wakazima na kucheza mtandaoni. Mwenye kaseti za 3DS bado anachomeka na kucheza kama siku ya kwanza. Anayenunua 3DS leo akitegemea gemu zilizokuwa zinauzwa pale dukani tu, hana pa kuzinunua. Kila duka la mtandaoni unaloliona leo litafikia siku kama hiyo.

Kwa hiyo ukinunua gemu ya kadi kwa ajili ya Switch 2, soma kasha la mbele, chini. Baadhi ya kadi hazina gemu ndani, zina ufunguo tu: unachomeka, kisha unapakua gemu yote kwa intaneti, na kila ukitaka kucheza kadi lazima iwepo. Kasha lina maandishi yanayosema hivyo. Nyingine zina gemu kamili: Cyberpunk 2077 imejaa yote kwenye kadi ya GB 64. Ukipiga hesabu ya bando la GB 60, utaona kwamba kadi ya ufunguo inayouzwa rahisi si rahisi hata kidogo. Uliza vilevile kama nchi yako imo kwenye orodha ya duka husika kabla hujalipia. Kwenye Steam, duka la Valve, ukiwa Tanzania unanunua vizuri, ila maduka mengine hayatutambui.

PlayStation Portal nayo inunuliwe kwa kuelewa. Ilitoka Novemba 2023, kioo chake kizuri sana, pedi zake nzuri, lakini haina gemu hata moja ndani. Inapokea picha kutoka PS5 yako, konsoli ya Sony ya nyumbani, au kutoka seva kwa wanaolipia kifurushi cha juu. Sony wanataka Wi-Fi ya angalau Mbps 5, na wanapendekeza 15. Umeme ukikatika, ruta inazima na gemu inaishia hapo. Kuna wanaosema kesho ya konsoli zote ni hiyo, picha kutoka mbali na mkononi kioo tu. Kwa Tokyo au London labda. Kwa mtu wa Singida au Kigoma, na hata wa Tabata siku umeme unapokuwa wa mgao, mashine inayofanya kazi yake yenyewe ndiyo itakayobaki na thamani.

Kipimo changu cha dukani ni kirefu kidogo lakini kinatosha: washa hali ya ndegeni, zima mashine kabisa, iwashe tena, fungua kila gemu unayouziwa nayo. Isiyofunguka usiilipie.

Wa Steam Deck wana kazi moja ya ziada kabla ya safari. Ukiwa bado na Wi-Fi, subiri masasisho yamalizike, fungua kila gemu mara moja mpaka ufike ndani, kisha weka Steam katika hali ya nje ya mtandao. Ukiruka hatua hiyo, baadhi ya gemu zitadai intaneti ukiwa kwenye basi la Mwanza. Na kwa basi lenyewe, bonyeza kitufe cha nukta tatu upande wa kulia, ingia sehemu ya betri na utendaji, weka kikomo cha fremu (picha) 40 kwa sekunde na ukomo wa umeme wa chipu wati 8 au 9. Valve wanaandika saa 2 hadi 8 kwa toleo la kioo cha LCD lenye betri ya Wh (wati-saa) 40, na saa 3 hadi 12 kwa OLED ya Wh 50. Tofauti ya 2 na 8 iko mikononi mwako kwenye kitufe hicho.

Kadi ya memori

Kadi bandia zimejaa. Imeandikwa GB 512, ndani ina 32, nayo inadanganya mashine mpaka siku gemu zinapoanza kufutana. Ipime kwa H2testw kwenye kompyuta ya Windows, au F3 kwenye Linux: programu inaijaza kadi yote kisha inasoma ilichoandika. Inachukua saa kadhaa, kwa hiyo patana na muuzaji mapema kwamba ikifeli unarudisha, na akuandikie kwenye risiti. Switch 2 inataka microSD Express kwa gemu. Ile ya kawaida uliyonayo haitahifadhi hata moja.

Ningenunua ipi

Kwa mtu mzima anayetaka mashine moja ya muda mrefu, Steam Deck, hata iliyotumika, baada ya vipimo vyote hapo juu. Unaweza kubadili analogi, feni, diski na betri, na mfumo wake ni Linux usiofungwa: siku Valve wakichoka nayo, wengine wataendelea nayo. Kwa mtoto, Switch ya kadi. Geuza mgongo usome namba: HAC-001 peke yake ni ya 2017, saa 2.5 hadi 6.5 za betri. HAC-001(-01) ni ya 2019, saa 4.5 hadi 9. Wauzaji wengi wanaziuza bei moja, hivyo chagua ya pili bila kusema neno.

Zile ndogo za Kichina za gemu za zamani, Miyoo na Anbernic, nazipenda kwa udogo na bei. Miyoo Mini Plus ina betri unayoichomoa kwa mkono, na hilo pekee linanifanya niiheshimu. Ila kadi inayokuja nayo ni dhaifu na gemu zilizojazwa humo kwa kawaida zimenakiliwa bila ruhusa. Itoe, weka kadi nzuri na gemu zako.

Ukishafika nayo nyumbani, weka kikomo cha chaji. Steam Deck inaruhusu kuishia asilimia 80, Switch 2 karibu 90. Soketi isafishe kwa kijiti cha mbao, kamwe si pini. Na kama utaiweka kabatini, iache na chaji nusu, kwenye mfuko wake na kipakiti cha kunyonya unyevu, uichaji tena kabla miezi sita haijapita.