Jinsi ya kuomba rufaa ya kumwona daktari bingwa anayekufaa

Mtu akiumwa mgongo hukimbilia bingwa wa mifupa, kumbe maumivu yanatoka kwenye figo. Mwingine anabanwa kifua, anatafuta daktari wa moyo, mwisho wake inaonekana ni kiungulia. Panapouma huenda sipo penye ugonjwa. Kwa hiyo anza kwa daktari wa kawaida. Hata hospitali nyingi hazimpokei mgonjwa kwa bingwa bila barua ya rufaa.

Lakini kwanza angalia kama hali inaruhusu kungoja. Uso umepinda upande mmoja, mkono au mguu umeishiwa nguvu ghafla, ulimi umekuwa mzito: chukulia ni kiharusi hadi daktari aseme vingine. Dharura nyingine ni kifua kinachobana maumivu yakapanda hadi taya au kushuka mkononi, kutapika damu, au kushindwa kupumua. Hapo usiombe miadi, nenda idara ya dharura sasa hivi. Kwa kiharusi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, kwa hiyo shika kichwani saa mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho. Nawasihi sana, msiseme "tuone kesho asubuhi".

Kama unaweza kungoja, chukua karatasi. Andika dalili ilianza lini, huja mara ngapi, huzidishwa na nini, hutulizwa na nini. Orodhesha dawa zote unazotumia, za mitishamba zikiwemo, na magonjwa yaliyomo katika ukoo. Ukifika, usimwambie daktari "nina tatizo la moyo". Mwambie "nikipanda ngazi kifua hubana, nikikaa dakika tano kinaachia". Maneno hayo ndiyo yatakayomwongoza.

Atakupima shinikizo la damu, pengine sukari na mkojo. Vipimo hivi vidogo humaliza maswali mengi. Ganzi ya nyayo, kwa mfano, humfanya mtu afikirie bingwa wa mishipa ya fahamu, na mara nyingi chanzo ni kisukari. Kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara na kukonda bila sababu navyo huelekeza huko huko. Hilo hushughulikiwa na bingwa wa magonjwa ya ndani au wa homoni. Kikohozi kilichozidi wiki 2 kinahitaji kipimo cha makohozi kwanza, kwa ajili ya kifua kikuu, na kipimo hicho hakihitaji bingwa.

Watu huchanganya zaidi kwenye figo. Mawe, au mkojo unaotoka kwa kukatika katika, ni kazi ya bingwa wa upasuaji wa njia ya mkojo. Protini kwenye mkojo, miguu kuvimba, figo kupungua nguvu: huyo ni bingwa wa figo, na hapasui. Kizunguzungu cha chumba kuzunguka kila ukijigeuza kitandani mara nyingi hutokana na sikio la ndani, basi ni bingwa wa masikio, pua na koo.

Baada ya vipimo, omba rufaa waziwazi: "Daktari, je, hali hii inahitaji bingwa? Wa nini, na kwa haraka kiasi gani?" Barua isomwe kabla hujatoka chumbani. Iwe na jina lako sawasawa na kitambulisho, dalili, matokeo ya vipimo, dawa, sababu ya rufaa, saini na mhuri. Jina likikosewa herufi moja unaweza kurudishwa mapokezini. Piga picha ya kila karatasi. Mwenye bima ya afya aulize kama kibali kinahitajika kabla ya miadi.

Siku ya miadi ikiwa mbali na dalili zikazidi, usiisubiri. Rudi kwa daktari aliyekuandikia rufaa umweleze kilichobadilika, ili aandike upya kuwa ni ya haraka.