Bima ya chombo cha moto: mambo ya kuzingatia kabla ya kuingia barabarani Mwanza

Watu wengi wanaokata bima ya gari jijini Mwanza huikata kwa sababu ya trafiki. Hutafuta iliyo nafuu kuliko zote, hulipa kwa simu, hupokea ujumbe wa stika ya kielektroniki, kisha hawalikumbuki tena jambo hilo hadi siku askari atakapowasimamisha Mkuyuni au Igoma na kuwaambia kwamba bima imekwisha. Kwa mtazamo huo, adhabu ya kuendesha bila bima huonekana kuwa ni ile faini ya barabarani tu, na kwa kuwa faini hiyo ni ndogo kuliko ada ya bima yenyewe, wapo wanaopiga hesabu na kuona kwamba ni afadhali kubahatisha. Hesabu hiyo ina kasoro kubwa, na kasoro hiyo ndiyo inayopaswa kueleweka kwanza kabla mtu hajaanza kupanga nyaraka zake.

Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inakataza mtu kutumia chombo cha moto barabarani bila bima inayowakinga watu wengine, yaani wale ambao kwa lugha ya bima huitwa mtu wa tatu. Katazo hilo halimhusu dereva peke yake. Linamgusa pia anayesababisha au kuruhusu mtu mwingine akitumie chombo hicho bila bima, na hapo ndipo wamiliki wengi wanaokaa nyumbani wakisubiri hesabu ya jioni hujikuta ndani ya kosa ambalo hawakudhani linawahusu. Kosa likimalizwa barabarani, faini ya papo kwa papo ni shilingi 30,000 kwa kosa moja kwa gari, na kwa pikipiki na bajaji ilishushwa hadi shilingi 10,000 katika bajeti ya mwaka 2021/22. Likifikishwa mahakamani, sura hubadilika, kwa sababu hakimu anaweza kutoa faini au kifungo na pia kumzuia mkosaji kushika leseni ya udereva kwa muda. Kwa mtu ambaye usukani ndio shamba lake, hilo la leseni ni zito kuliko faini yoyote.

Hata hivyo, yote hayo ni madogo yakilinganishwa na mzigo wa tatu, ambao haumo kwenye karatasi ya faini. Chukulia kwamba gari lisilo na bima linamgonga mwenda kwa miguu pale Mabatini, jioni watu wanaporejea makwao. Majeruhi anapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, anafanyiwa upasuaji wa paja, analazwa, na akitoka hawezi tena kufanya kazi yake ya kubeba mizigo sokoni. Ana haki ya kudai fidia ya matibabu, ya kipato kilichopotea na ya maumivu aliyoyapata. Kama gari lingekuwa na bima halali, kampuni ya bima ndiyo ingebeba wajibu wa kulipa kiasi ambacho mahakama imeamuru. Bila bima, dai linamwendea dereva na mmiliki moja kwa moja, na hukumu isipolipwa kwa hiari mdai anaweza kuomba ikaziwe kwa kukamata mali, ikiwemo gari lenyewe, kiwanja au akiba iliyoko benki. Madai ya namna hii hayamalizwi na ile shilingi 30,000, wala kulipa faini hakumfungi majeruhi mdomo. Kwa hiyo mwenye busara huiandaa bima yake kwa ajili ya ajali, na akishaiandaa hivyo, trafiki naye atakuwa amejibiwa.

Kuhusu aina ya bima hakuna haja ya kuchelewa. Bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, ndiyo kiwango cha chini ambacho sheria inakidai, na kwa gari dogo la matumizi binafsi ada yake ni shilingi 100,000 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani, yaani shilingi 118,000 kodi ikiwa ni asilimia 18. Haitengenezi gari lako hata taa moja. Bima kubwa hulipia pia hasara ya gari lako mwenyewe, na ada yake hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari, ambayo kwa gari binafsi kwa kawaida ni 3.5. Aliyenunua gari kwa mkopo huenda asipewe nafasi ya kuchagua, maana wakopeshaji wengi hudai bima kubwa. Mbele ya askari, aina zote mbili zinatosha.

Jambo linalohitaji uangalifu zaidi ni kuhakiki kwamba bima uliyoilipia ipo kweli. Zamani stika ya karatasi iliyobandikwa kiooni ndiyo iliyokuwa ushahidi, na biashara ya stika bandia ilistawi kwa sababu hiyo, kwani karatasi huchapika popote. Siku hizi stika ni za kielektroniki na taarifa zake zimo katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ambamo mtu yeyote anaweza kuingiza namba ya usajili wa gari au namba ya stika na kuona kama bima iko hai, imetolewa na kampuni gani na itaisha lini. Askari naye anaangalia humo humo. Ikiwa wakala wa mtaani amepokea fedha zako na kukupa karatasi nzuri yenye muhuri, lakini mfumo hauna habari ya gari lako, basi kwa mujibu wa sheria unaendesha bila bima, na kisingizio kwamba ulilipa hakimsaidii yule uliyemgonga. Hakiki ukiwa bado umesimama mbele ya wakala. Usikubali kuambiwa kwamba mtandao uko chini na taarifa zitaingia kesho, labda kama gari nalo litalala hapo hapo hadi kesho.

Unapohakiki, usiishie kwenye neno linaloonyesha kwamba bima iko hai. Soma herufi kwa herufi namba ya usajili na namba ya chesesi, ukizilinganisha na kadi ya gari, kwa sababu tarakimu moja ikikosewa bima yako inakuwa ya gari la mtu mwingine. Soma pia tarehe ya kuanza, kwa kuwa bima inayoanza kesho haimkingi anayeendesha leo. Kisha soma matumizi yaliyoandikwa, na hapa ndipo Kanda ya Ziwa ina tatizo lake la pekee.

Magari madogo yanayobeba abiria kwenda Geita, Katoro na kwingineko, yale ambayo wenyewe tunayaita michomoko, mengi yamekatiwa bima ya matumizi binafsi. Vivyo hivyo baadhi ya magari yanayofanya teksi kwa programu za simu hapa mjini. Tofauti ya ada kati ya matumizi binafsi na biashara ndiyo inayowavuta wenye magari hayo, na kwa siku za kawaida hakuna anayeliona tatizo. Siku ya ajali kampuni huuliza gari lilikuwa likifanya nini, na ikibainika kwamba lilikuwa na abiria waliolipa nauli, inapata sababu ya kukataa dai au kumgeukia mmiliki irudishiwe ilicholipa. Tangu Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, safari ya Sengerema na Geita haisubiri tena kivuko, na vishawishi vya kuligeuza gari la nyumbani kuwa la biashara kwa siku moja moja vimeongezeka. Mwenye nia ya kubeba abiria akate bima ya biashara tangu mwanzo na kupata leseni ya usafirishaji kutoka LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini. Leseni ya dereva nayo iendane na chombo, daraja A kwa pikipiki na daraja C kwa magari ya abiria, kwa maana masharti ya bima nyingi humtambua tu dereva mwenye leseni halali ya chombo anachokiendesha.

Kabla ya kumkabidhi mtu mwingine funguo, fikiria ile sehemu ya sheria inayozungumzia kuruhusu. Katika bodaboda za Mwanza, mmiliki mara nyingi humpa kijana pikipiki kwa mkataba: kijana analeta hesabu kila siku, na baada ya muda waliokubaliana pikipiki inakuwa yake. Mikataba ya namna hii husema mengi kuhusu hesabu, tairi na matengenezo, lakini mara nyingi haitaji bima hata kwa neno moja. Mwaka wa kwanza mmiliki anakata, mwaka wa pili kila mmoja anadhani mwenzake amekata, na pikipiki inazunguka Nyakato na Buzuruga miezi kadhaa bila kinga yoyote. Iandikwe wazi nani anakata, kwa fedha za nani, na tarehe gani kabla ya ile ya zamani kuisha. Hata wakikubaliana kwamba dereva ndiye atakayelipa, mmiliki ambaye jina lake bado liko kwenye kadi anapaswa kuhakiki mwenyewe, kwa kuwa makubaliano ya wawili hawa hayamzuii majeruhi kumshtaki mwenye jina.

Hali kama hiyo hutokea kwa fundi anayelijaribu gari baada ya kulitengeneza. Gari lililolala gereji miezi mitatu likisubiri injini mara nyingi hutoka humo bima ikiwa imekwisha, na safari ya kwanza ya majaribio, hata iwe ya kutoka gereji hadi barabara kuu na kurudi, ni matumizi ya chombo barabarani. Anayenunua gari lililotumika naye asijipe moyo kwa stika aliyoikuta. Bima ni mkataba kati ya kampuni na mwenye gari wa awali. Muuzaji akishapokea fedha zake, mnunuzi aende kwa kampuni kuomba mabadiliko ya jina, au akate yake mpya kabla hajaliondoa gari pale lilipoegeshwa.

Upande wa ushahidi wa kuonyesha njiani ni mwepesi kuliko watu wanavyoufikiria, ila una mtego mmoja. Kioo cha mbele cha gari la Tanzania kimezoea kubandikwa vitu vingi, na stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama bado huchukuliwa na baadhi ya madereva kana kwamba ni bima, ilhali stika hiyo inahusu ukaguzi wa gari tu. Zamani ilikuwepo pia stika ya ada ya mwaka ya gari, ambayo ilifutwa mwaka 2017. Weka hati ya bima, ile wengi wanayoiita kava noti, katika nakala ya karatasi ndani ya gari na picha yake ndani ya simu, kwa kuwa simu huishiwa chaji na kuna vipande vya barabara ambako mtandao ni wa kusuasua. Askari akisema mfumo unaonyesha bima imekwisha ilhali wewe una hati halali, mwonyeshe kwa utulivu namba ya stika ili aitafute kwa namba hiyo badala ya namba ya gari, na ikishindikana mpigie aliyekukatia bima papo hapo. Ukiandikiwa faini, lipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo uliyopewa, usimpe mtu fedha mkononi, na ukate bima kabla ya kuendelea na safari, maana faini uliyolipa Usagara haikupi ruhusa ya kuendesha bila bima hadi Misungwi.

Kwa siku ya ajali yenyewe, jua mapema nyaraka ambazo kampuni itazidai, kwa sababu aliyechanganyikiwa hakumbuki kuuliza. Majeruhi huhitaji PF3, fomu ya polisi, kwa ajili ya matibabu. Kwa upande wa dai la bima zitahitajika taarifa ya polisi ya ajali, PF90, ripoti ya ukaguzi wa gari, pamoja na mchoro wa eneo la ajali. Kampuni ijulishwe mapema, na wewe usikiri kosa wala usiahidi kiasi cha fidia kwa ndugu wa majeruhi bila kampuni kujua, jambo ambalo ni gumu kwa desturi zetu za kwenda kuwapa pole, lakini mkataba wa bima kwa kawaida unalikataza. Pole itolewe, na suala la fidia liachwe kwa kampuni. Kampuni ikikataa au ikichelewesha dai bila sababu, TIRA ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza, na ipo pia ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambayo mtu anaweza kuifikia kabla ya kufikiria mahakama.

Inabaki mipaka. Wafanyabiashara wa Mwanza hupita Magu, Bunda na Tarime kwenda Sirari na kuingia Kenya, wengine huzunguka ziwa kupitia Geita na Bukoba hadi Mutukula na kuingia Uganda, na wengine hushuka Rusumo kwenda Rwanda. Bima ya Tanzania peke yake haikukingi huko. Kinachohitajika ni Kadi ya Njano ya COMESA, yaani Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, kadi ambayo Tanzania inaitumia ingawa ilijitoa katika jumuiya hiyo, na ambayo humlipia mtu wa tatu kwa mujibu wa sheria za nchi uliyomo, pamoja na gharama za matibabu za waliomo ndani ya gari. Kadi hiyo huegemea bima yako ya nyumbani, kwa hiyo bima inayoisha Ijumaa haiwezi kuzaa kadi ya safari ya wiki mbili. Iombe kwa kampuni yako siku kadhaa kabla ya kuondoka, na kabla ya kutia saini hakikisha kwamba kila nchi utakayoikanyaga, hata ile ya kupita tu, imo kwenye kadi na tarehe zake zinafika hadi siku utakayorudi.