Pima presha ya oili kabla ya kuwasha injini mpya
Injini ya petroli iliyotoka kufungwa upya, iwe Katwe au Kisekka, kwa mafundi wa magari wa Kampala, usiiwashe papo hapo. Chomoa plagi, piga stata kwa vipindi vifupi hadi geji ya presha ya oili ipande. Isipopanda, acha, pampu huenda inavuta hewa.

Taa ya dashibodi usiitegemee, huzimika hata presha ikiwa ndogo mno. Funga geji ya mshale mahali pa sensa ya presha ya oili. Ukishaiwasha, injini ikiwa bado baridi presha huwa juu, hilo lisikutishe. Subiri ipate moto: mafundi wengi hutaka takriban psi 10 (kipimo cha presha) kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika. Ikipungua, kagua kwanza kiwango cha oili na uzito wake, mpira wa bomba la kufyonzea, kisha vali ya pampu. Bering ziache mwisho, maana hapo injini inafunguliwa tena na fundi atanuna.